Marehemu Pi Darhnuni, Muuguzi Aliyefundisha Hadi Kitandani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ramdinsangi, binti wa mdogo wake marehemu. Familia imenipa heshima ya kusoma maisha ya mama yangu mkubwa. Jana jioni nilifuatwa na mtu asiye wa familia, akaniomba kwa upole niruke habari za ugonjwa, niandike tu kwamba "aliugua kwa muda mrefu". Nimekataa. Mtanivumilia.

Pi Darhnuni alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika kijiji cha Sihzawl, mashariki ya mji wa Lunglei, akiwa mtoto wa kwanza wa baba, marehemu Pu Thangkima, na mama, marehemu Pi Saihnuni. Alikuwa mtoto mwenye kinyaa kupita kiasi. Nguruwe wa Krismasi walipochinjwa na wasichana wenzake wakaitwa mtoni kuosha utumbo, yeye alijificha ghalani. Bibi, yaani mama yake, alikuwa akimfuata na kumpigia kelele, "Wewe utaolewa na nani, unayeogopa tumbo la nguruwe?"

Alianza shule kijijini hapo. Mwaka 1967, jeshi lilipohamisha vijiji na kuvikusanya kwenye kambi kando ya barabara, shule ilifungwa na familia ikaingia kwenye kibanda kimoja pamoja na familia nyingine mbili. Mvua zilipoanza, kuhara kukaingia kambini. Kulikuwa na mgawa dawa mmoja tu, mzee aliyeelemewa, na alipoomba watu wa kumsaidia kubeba ndoo, msichana yule aliyeogopa utumbo akajitokeza. Aliniambia kwamba wiki ya kwanza alitapika kila siku, na kila baada ya kutapika alirudi kushika ndoo. Wadogo zake watatu walifia humo kambini, na aliwaosha kwa mikono yake. Alimalizia masomo Lunglei, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1974.

Alifanya kazi katika wodi ya upasuaji kwa miaka kumi na miwili, kisha akawa mwalimu wa chuo cha uuguzi tangu 1986 hadi alipostaafu mwaka 2011. Nami nilikuwa mwanafunzi wake. Siku yetu ya kwanza wodini alitupanga nje ya chumba cha mgonjwa wa kisukari aliyeoza mguu.

"Nani anasikia harufu?" aliuliza.

Tukatikisa vichwa wote, tumekaza nyuso.

"Waongo nyote. Mimi naisikia. Ni kama panya aliyefia darini. Haya, kinyaa ni chako, kibebe mwenyewe, usimtwishe mgonjwa. Anaitwa Pu Hrangluta. Ingieni mmwamkie kwa jina lake."

Alifunga ndoa na marehemu Pu Chhuanvawra, dereva wa malori ya kujenga barabara, tarehe 20 Aprili 1979. Walijuana pale Pu Chhuanvawra alipoletwa wodini na jipu kubwa mahali ambapo dereva hukalia. Kwa siku kadhaa alilala kifudifudi akiona haya, na muuguzi aliyelikamua alikuwa akimsimulia habari za mpira wa miguu ili asahau aibu. Mpaka alipofariki mwaka 1998 alipenda kuwaambia wageni, "Wenzangu walipeleka wazee kuposa. Mimi nilipeleka jipu." Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Zonunmawia.

Sasa nafika pale nilipoombwa niruke.

Mwaka 2021 Pi Darhnuni aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Yeye aliyewafundisha wanawake wa wilaya nzima kujipapasa na kuwahi hospitali, wake aliufungia kitambaa, akanyamaza. Alipokuja kuniambia, ngozi ilikuwa imepasuka, na madaktari wa Aizawl wakasema saratani imeshasambaa. Kilichobaki kilikuwa kidonda kipana kuliko kiganja, kinachotoa usaha na kinachonuka. Nasema kinanuka kwa sababu kilinuka. Tulikinyunyizia vidonge vilivyosagwa ili kupunguza harufu, tukabadilisha chachi mara mbili kwa siku, na bado mtu aliisikia harufu tangu kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafahamu watu wa mtaa huu. Wanawake aliowauguza walimpungia mkono kutoka barabarani. Ndani ya nyumba yake mwenyewe sahani na kikombe chake vilitengwa, kana kwamba saratani hurukia vyombo. Waliokuja walikaa karibu na dirisha, wakatazama simu zao, wakakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni.

Hata hivyo, Jumapili alikuwa akienda kanisani. Alikifunga kidonda kwa chachi mbili, akajifunga nguo safi ya puan kiunoni, akakaa benchi lake la pili. Jioni ya tarehe 3 Desemba 2023 wazee watatu wa kanisa walikuja nyumbani. Sitawataja. Wanajijua, na mmewaona wakiketi hapa mbele. Nilikuwepo, kwa hiyo nasema nilichokisikia.

"Pi Darhnuni," mmoja alianza, bado amesimama mlangoni, "waumini wanakupenda sana. Ila vijana wa kwaya wanashindwa kuimba."

"Wanashindwa na nini? Wimbo mgumu?"

"Si wimbo. Ni ile... hewa."

"Sema harufu, Pu. Neno lenyewe halitakung'ata."

"Haya, harufu. Tumeonelea upumzike nyumbani. Sisi tutakuwa tunakuja kukuombea."

"Mtaniombea mkiwa wapi? Hapo mlangoni?"

Yule mzee akachomoa leso, akajifunika pua.

"Juzi kwako mlipika sa-um," mama mkubwa akamwambia. "Mafuta ya nguruwe yamevundikwa kibuyuni mpaka yakawa na roho yao. Mtaa mzima tulijua mnakula nini. Kuna aliyekuitia kikao?"

Mimi nilicheka. Wao hawakucheka. Waliomba sala fupi wakiwa wamesimama, leso puani, wakaondoka. Chai waliyomiminiwa hawakuigusa. Mmoja wao, mwaka 1984, alilazwa miezi miwili tumbo likiwa wazi, na aliyekuwa akilisafisha asubuhi na jioni, akamfulia hadi mashuka, ni huyu waliyekuja kumwambia kwamba ananuka.

Walipotoka, mama mkubwa aligeukia ukutani. Krismasi alibaki kitandani akiisikia ngoma ya kanisani, na sehemu yake ya karamu ikaletwa imefungwa kwenye jani, ikawekwa kwenye ngazi, aliyeileta akarudi mbio. Mbwa ndiye aliyewahi.

Januari aliniambia, "Niletee watoto wa mwaka wa pili."

Mimi sasa nafundisha chuo kilekile. Nikamwambia, "Mama mkubwa, hapana. Wewe si kifaa cha darasani."

"Nani kakuambia? Maisha yangu yote sijawahi kuwaonyesha kidonda kizuri kama hiki. Au unataka kipotee bure?"

Nikawaita wasichana wanne, waliokubali kwa hiari yao. Nilipoifungua bandeji, mmoja wao, Malsawmkimi, alikimbilia beseni akatapika. Nilitamani sakafu inimeze. Mama mkubwa aliangua kicheko mpaka akakohoa.

"Umemaliza?"

"Samahani, Pi. Kinanuka."

"Asante. Wewe wa kwanza kusema kweli ndani ya nyumba hii. Kasukutue mdomo, urudi. Mkono wa kushoto unashika hapa."

Akarudi. Akashika. Mama mkubwa akawafundisha jinsi ya kulowesha chachi iliyoganda ili isivute nyama, na jinsi ya kuendelea kuzungumza na mgonjwa macho yakiwa kidondani. Kisha akawaambia jambo ambalo hata mimi hakuwahi kuniambia.

"Mnajua kwa nini nilichelewa hospitali? Si woga. Nilijionea kinyaa. Nilikuwa najiosha huku nimetazama pembeni. Miaka yote nimewafundisha watu wasimkimbie mgonjwa, nikajikimbia mimi mwenyewe. Yaandikeni hayo, yatakuja kwenye mtihani."

Wote wanne wakafungua madaftari.

Wakawa wanakuja kila Jumatano. Zonunmawia, mwanawe, alizoea kujificha jikoni wakiwepo. Siku moja alimkuta Malsawmkimi akifua vitambaa nyuma ya nyumba.

"Hivi wewe huoni kinyaa?" akamuuliza.

"Naona, Kaka. Si ulinisikia nikitapika?"

"Sasa unawezaje?"

"Natapika kwanza."

Zonunmawia akakunja mikono ya shati, akaomba aonyeshwe. Mara ya kwanza alifanya haraka hadi chachi ikamponyoka. Mama yake akamwambia, "Polepole. Sikimbii popote." Kuanzia Februari yeye ndiye aliyemfunga kidonda kila asubuhi, na ile sahani iliyotengwa ikarudi kabatini pamoja na nyingine.

Pi Darhnuni alifariki jana, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mwanawe na Malsawmkimi walikuwa wakimgeuza ubavu. Aliuliza, "Umenawa mikono?" Zonunmawia akajibu, "Nimenawa, mama." Akasema, "Haya," na hakusema tena.

Kufikia mchana nyumba ilikuwa imejaa. Maiti ilikuwa imeoshwa, imetiwa dawa, na harufu imekwisha, basi wote mkaja. Mkalikumbatia jeneza. Mkapiga picha. Wazee walewale walileta puan nzito ya rambirambi, wakaitandaza juu yake, na mmoja akalia kwa sauti, "Tumempoteza mama yetu!" Miaka ishirini nimeshika vidonda vya kila namna bila kutapika. Jana nilitoka nje nikatapika nyuma ya banda la kuni, na haikuwa kwa sababu ya kidonda.

Vijana wa mtaa mliochimba kaburi tangu alfajiri kwenye mwamba ule, familia inawashukuru kwa dhati.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Zonunmawia, mkwe, Rinzuali, wajukuu wawili, mdogo wake, Pi Khuangthangi, ambaye ni mama yangu, na wauguzi aliowafundisha, walioko kila hospitali ya milima hii. Kwenye programu za mazishi kama hizi huwa kuna mstari wa kuwashukuru "wote waliomhudumia kwa upendo". Aliukataza. Alisema wachapishwe waliomwosha tu. Nao ni hawa: Zonunmawia, wanafunzi Malsawmkimi, Hmangaihsangi, Lalchhandami, Vanrampari, na mimi.

Maumivu yake yamekwisha. Bwana ampokee, ampumzishe salama. Jeneza litabaki wazi mpaka saa saba. Anayetaka kumuaga, asogee karibu.