Hatua Tatu za Pumba

Mwaka wa Maji Maji, katika mtumbwi wa kuvusha watu pale Lindi, nilikaa nyuma ya mwanamke aliyepakata ungo mtupu. Ng'ambo, askari wa Wadachi walikuwa wakichoma mashamba.

“Moshi umesimama wima, dada,” alisema Fakihi, muuza chumvi. “Hakuna upepo. Moto hautavuka kijito kufika kwenu.”

“Wewe uza chumvi, kaka. Tazama makuti yale yanavyotikisika. Upepo kama huo, nikipepeta mtama, hupeleka pumba hatua tatu. Kijito kina hatua mbili, na mama yangu hawezi kutembea.”

Fakihi, msemaji tangu tuondoke, alilowesha kidole, akakiinua, kisha akakificha kwapani.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, yule mwanamke alinitupia ungo akakimbia. Ninao hadi leo.