Mama Nyeupe Kwanza na Kiwanda cha Ng'ambo ya Barabara

Msomaji mwenzangu, kabla hujaendelea, nakusihi: karatasi hii isitoke nje ya geti, isisahauliwe kantini, na mwenyewe anayesemwa humu asiione kabla ya Ijumaa. Ukimaliza kuisoma, ikunje uitie mfukoni. Zaidi ya yote, isivuke barabara. Kule ng'ambo wana macho.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mpangaji Mkuu wa Uzalishaji anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha rangi kwa miaka thelathini na mmoja. Wachache humwita kwa cheo. Sisi tunamwita Mama Nyeupe Kwanza, na wageni wa kazi hudhani ni jina la mtoto wake.

Jina lilitokana na mashine za kuchanganyia. Alipoajiriwa kuwa karani wa oda, rangi zilichanganywa kwa kumfuata mteja aliyewahi kufika. Asubuhi nyeusi, saa nne nyeupe, mchana nyekundu. Kila rangi ilipobadilika, mashine ilioshwa kwa kiyeyushi cha bei mbaya, vibarua wakisugua, wachanganyaji wakisubiri mikono mifukoni. Na bado nyeupe ilitoka na sura ya maji ya kufulia. Yeye akapendekeza wiki ianze na nyeupe, ifuate rangi ya maziwa, kisha njano, ishuke taratibu mpaka nyeusi Jumamosi, ndipo mashine zioshwe mara moja tu. Tone la maziwa likisalia ndani ya njano, nani ataliona? Wachanganyaji wa zamani walimcheka: "Bibie, unapanga rangi au unapanga foleni ya watoto wa shule?" Gharama ya kiyeyushi ilipoporomoka, kicheko kikahamia kwake, na tuseme kweli, hakukificha.

Kisha akaingia ghalani. Mkuu wa mauzo alitaka kila rangi ijazwe mpaka darini, mteja asije akakosa. Mama akafungua mbele yake ndoo ya zambarau iliyolala muda mrefu, akachomeka kijiti. Kikasimama chenyewe.

"Hii, mkuu, unaiuza kwa ndoo au kwa kipande?"

Tangu hapo akiba yetu kubwa ni ya nyeupe. Rangi nyingi za kuta huzipata kwa kuitia nyeupe hiyo vikolezo vya rangi oda ikishafika, na ndoo iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka. Hasara ya rangi kugandia ghalani tunaisikia kwa majirani tu.

Na majirani wamelijua hilo. Meneja wa kiwanda cha rangi cha ng'ambo, tunayemwita Bwana Marashi kwa kuwa harufu yake hufika kabla ya gari lake, ameanza kumzungukia Mama. Alianza na salamu za getini. Kisha, siku ya kuzaliwa kwa Mama, akamletea kapu la matunda. Hapo ndipo wivu ulipotuchoma sawasawa: sisi tunajua tarehe ya kila ndoo iliyomo ghalani, lakini ya Mama hatukuijua. Mtunza ghala alikataa kuyaonja matunda hayo. Mkuu wa mauzo aliyala, akasema ni machachu.

Wiki iliyopita, mvua ikinyesha, Bwana Marashi alimfungulia Mama mlango wa gari, naye akapanda. Kesho yake ofisi nzima ilimnunia. Mama akaweka mkoba mezani akacheka: "Jamani, nimepewa lifti, sijaposwa!"

Lakini ni kama ameposwa. Bwana Marashi amemwomba, akishastaafu, awe anakwenda kwao asubuhi mbili kwa wiki kuwapangia uzalishaji. Mama ameahidi kumjibu Jumatatu.

Jumatatu hiyohiyo mimi ndiye karani nitakayekaa kwenye kiti chake. Chuoni nilifundishwa kupanga uzalishaji, kukadiria gharama na kudhibiti akiba, na Mama ameniongezea mengi kwa subira. Jambo moja sijaliweza. Mkuu wa mauzo akija mbio katikati ya wiki akitaka nyeupe ya haraka kwa oda inayozidi akiba, Mama humtazama juu ya miwani na kumwambia, "Rudi Jumatatu, baba," naye hurudi. Nikimtazama hivyo mimi, ataniuliza kama naumwa.

Juzi mtunza ghala alishindwa kujizuia.

"Hivi Mama, kweli utatuacha ukawape wale jasho letu?"

Mama akavua miwani. "Mwanangu, yule kaniomba. Nyinyi mnaninunia tu. Yuko hata mmoja hapa aliyewahi kuniomba nibaki?"

Feni ilikuwa inazunguka, tukaitazama feni.

Nilikwenda kwa mkurugenzi, nikamweleza. Amekubali: asubuhi mbili kwa wiki, malipo mazuri, na gari la kumchukua na kumrudisha. Kinachokosekana ni mdomo wa kumwambia. Mtunza ghala anataka aombe yeye, ili isemwe kwamba Mama amebaki kwa ajili ya ghala. Mkuu wa mauzo anataka aombe yeye, ili isemwe ni kwa ajili ya mauzo. Basi wanachungana tangu juzi, na mpaka sasa hakuna aliyeomba.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Mama kwa kila wiki aliyoianza na nyeupe, kwa kila "hapana" iliyotuokoa, na kwa kucheka nasi hata tuliponuna. Tunamtakia afya, usingizi wa kutosha na maisha mema, ila maisha hayo yawe upande huu wa barabara.

Aliye tayari kusimama Ijumaa mbele ya watu na kumwomba waziwazi, anipate kabla ya Alhamisi mchana. Niko chumba cha ratiba, meza ya pili. Usiingie, maana meza ya kwanza ni yake. Gonga dirisha la nyuma, nitatoka. Ukipendelea simu ya ndani, jua kwamba ni moja kwa meza zote mbili. Akipokea yeye, sema umekosea namba, ukate. Au, kama una moyo kunishinda mimi, usikate. Mwombe.