Abiria Asiyejua Kukasirika

Ndugu zangu, mtanivumilia. Nimeyaandika kwenye karatasi kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno yananitoroka. Nitasoma polepole, vile nilivyoandika.

Wengi mnanijua hapa Kangemi. Nilimaliza darasa la nane nikaanza kutafuta vibarua vya mjengo, kubeba mawe na saruji. Pale getini msimamizi huchukua wanaopaza sauti. Mimi nilikuwa nasimama nyuma, kimya, mpaka geti linafungwa. Nikaacha kwenda. Nikaacha hata kuja hapa kanisani, maana mngeniuliza habari za kazi. Shangazi akasema nisipopata kitu cha maana, atamchukua mdogo wangu wa kike amrudishe kijijini. Wazazi wetu hawako. Tumebaki wawili.

Mama mmoja wa kanisa hili, anayepika chai kwenye chuo kimoja kule Hurlingham, akanipeleka huko nikapige deki. Ni chuo cha kufundisha watu wa kuhudumia abiria wa ndege. Darasani wameweka meza kama kaunta ya uwanja wa ndege, na mizani ya kupimia viazi ndiyo ya mizigo. Siku moja mwalimu akaniambia, "Kijana, weka hiyo deki chini. Nataka abiria."

Nawaambia, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpya. Nashika tiketi, mwanafunzi ananiambia ndege imejaa, mimi nakasirika, yeye anajifunza kunituliza. Lakini kila nikiambiwa nisafiri kesho, nilijibu, "Sawa, asante," nikaondoka.

Wanafunzi walicheka mpaka machozi. "Buda, wewe ni abiria ama ni mwimbaji wa kwaya? Hata tusi moja huna!"

Mwalimu hakucheka. "Ijumaa mtahini anakuja kutoka shirika la ndege. Ukisema asante tena, nitatafuta mtu mwingine, na deki aichukue yeye pia."

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilijaribu kufoka peke yangu chumbani, mdogo wangu akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi yule mama wa chai alinikuta jikoni nikijaribu tena kufoka. Nikamweleza. Akasema, "Nani amekudanganya kukasirika ni kelele? Mimi karani wa kliniki akiniambia nirudi kesho, simjibu. Nasimama tu pale dirishani. Na vile nilivyo mnene, foleni yote inaanza kumlalamikia yeye!"

"Lakini mimi ni mwembamba, mama."

"Basi simama zaidi."

Ijumaa ikafika. Mtahini ameketi nyuma na kalamu yake. Kwenye kaunta ni msichana mmoja, hodari kuliko wanafunzi wote. Jasho langu limelowesha tiketi. Akatabasamu, akasema, "Pole sana bwana. Ndege imejaa. Utasafiri kesho asubuhi."

Nikasikia ile asante inakuja. Nikaimeza.

"Siondoki," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Bwana, tafadhali kaa pembeni nimhudumie anayefuata."

"Mdogo wangu watamchukua. Siondoki."

Ndugu zangu, hayo hayakuwa maigizo. Sikupiga kelele, lakini miguu yangu haikusogea. Msichana akatazama kitabu chake, akakifunga. Akazunguka meza, akaniletea kiti, akaniuliza taratibu, "Mdogo wako anaitwa nani?" Kisha akaanza kunitafutia ndege nyingine.

Mtahini akasema, "Huyu ndiye abiria anayetushinda. Wenye kelele tumewazoea."

Yule msichana alipita mtihani. Na mimi, mwalimu aliniambia, "Jumatatu usichelewe. Nina darasa jipya."

Mdogo wangu bado yuko nami. Ni yule pale kwenye benchi la tatu, anajificha kwa sababu nimemtaja.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa chai, na mwalimu aliyenivumilia. Na kwa kijana mwenzangu mwenye haya kama mimi: usingoje upate sauti kubwa. Sema kwa hiyo ndogo uliyo nayo, kisha usisogee.

Mwenyekiti wetu wa kanisa amekuwa akiniita niseme hapa tangu mwaka jana, na kila mara nilitoroka kwa mlango wa nyuma. Leo pia miguu iliutazama ule mlango. Nikaiambia, hatuondoki.