Mluzi kutoka Wasso

Kijiwe chetu kiko Karatu mjini, ubavuni mwa fundi pancha, pale magari ya watalii yanapozibwa matairi kabla ya kupanda Ngorongoro. Kahawa anauza Penina, mabishano ni bure. Siku hiyo benchi lilikuwa na mimi na Emilian, dereva wa watalii tunayemwita Gia Mbili kwa kuwa hata kwenye lami anaongea kama anapanda mlima. Na Hhando, jina la mjini Kitunguu, mchuuzi wa vitunguu vya Mang'ola, anayependa methali kuliko methali zinavyompenda yeye. Akaja Sairowua, askari wa lodge, anatweta, simu mkononi. Baba yake alipatwa na kiharusi, yuko Wasso kwa Naisula, dada yake Sairowua, na tangu hapo hajasema neno wala kumtambua mtu. Kaka yao mkubwa, Parmuat, ameshatangaza kwamba mzee hayupo tena, umebaki mwili, kwa hiyo ng'ombe wagawanywe. Alitaka jibu la Sairowua kabla jua halijazama.

Sairowua: Naisula kanitumia sauti. Sikilizeni.

Akabonyeza. Tukasikia upepo, kikombe kikigonga mahali, halafu mluzi mmoja mrefu, unapanda, unashuka. Akaikata hapo hapo. Tuliruka wote kwenye benchi, kahawa ikanimwagikia suruali na wala sikujali.

Sairowua: Ni wa baba huo. Wa malishoni. Sasa niambieni, yupo au hayupo?

Gia Mbili: Tulia kwanza, kaka. Gari langu likiguswa usiku linapiga kelele mtaa mzima unaamka. Lenyewe linajua kwamba linaibiwa?

Kitunguu: Halijui.

Gia Mbili: Basi. Kelele ni taarifa, lakini taarifa siyo akili. Mdomo umezoea mluzi tangu utoto, umejipigia wenyewe.

Sairowua: Mdomo unajipigiaje wenyewe, wewe?

Kitunguu: Hapo sasa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Penina: Inahusu nini hapa?

Kitunguu: Subiri, dada, inakuja. Mwili ni simu, sawa? Akili ni mnara. Simu ikianguka kioo kinapasuka, mnara uko palepale kilimani. Mzee yuko hewani, anatafuta mtandao tu. Na mtandao wa Wasso mnaujua wenyewe.

Gia Mbili: Kwa hiyo mimi na wewe tuko mnara mmoja?

Kitunguu: Ndiyo maana jana uliota vitunguu vyangu.

Gia Mbili alisimama. Akisimama, ujue ameingiza gia.

Gia Mbili: Oya, sikieni. Kule kreta, kwenye redio koli za madereva, simba hatumwiti simba, wageni washalijua hilo neno. Tunasema "masharubu". Mzungu analisikia neno lilelile ninalolisikia mimi, ila mimi naona simba, yeye haoni kitu. Neno ni gunia tupu, anayelijaza ni msikilizaji. Kwa hiyo maana ya ule mluzi haiko kwa mzee. Iko hapa, kwenye benchi.

Mimi: Tukiondoka?

Gia Mbili: Inakwisha.

Sairowua: Yaani baba yangu yupo mkisema yupo?

Gia Mbili: Ndiyo tupige kura sasa.

Kitunguu: Kura ya nini? Tuirushe sauti kwenye grupu la wachuuzi. Watu mia mbili wakiisikia, mzee atakuwa sehemu mia mbili, halafu tuone Parmuat atagawa ng'ombe wa yupi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Raha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Tulinyoosha mikono kweli, na Gia Mbili akainyoosha pande zote mbili. Pembeni alikuwepo abiria wa Noah iliyopata pancha, mama mmoja aitwaye Dorkasi, amesimama na kikombe chake akingoja tairi.

Dorkasi: Samahanini, kaka zangu. Mzee alipopiga mluzi, nani alimjibu?

Sairowua akaicheza sauti tena, na safari hii akaiacha iende mpaka mwisho. Mluzi. Kimya kirefu. Naisula analia. Kisha mluzi mwingine, mfupi kuliko wa kwanza.

Sairowua: Tulipokuwa tunachunga, yeye alikuwa bonde hili, mimi lile. Akipiga, najibu, ajue niko salama. Nisipojibu anapiga tena.

Akajifuta uso kwa shuka.

Sairowua: Nimeusikiliza tangu asubuhi kama fundi anayesikiliza injini. Nimesahau kwamba naitwa.

Akampigia Naisula, akamwambia amwekee mzee simu sikioni. Mluzi wa kwanza wa Sairowua ulitoka hewa tupu. Wa pili ulitoka safi, hata fundi pancha akaacha nyundo. Tukangoja. Nilijikuta nimemshika Penina mkono bila kujua.

Simu ikapiga mluzi. Dhaifu, unapanda, unashuka. Sairowua akajibu huku machozi yanamtiririka, nao ukarudi tena, mrefu kidogo.

Gia Mbili: Ingawa, kitaalamu, hiyo bado haithibitishi...

Kitunguu: Nyamaza. Watu wanaongea.