Kesi Tuliyoiona Katikati

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma, na mguu wake mmoja ni tofali. Jana jioni tuliangalia filamu kwa Kinyozi, ambaye ana sheria yake: televisheni haiwashwi mpaka amalize kichwa cha mwisho. Kwa hiyo tuliikuta kesi imeshaanza. Mzee mmoja yuko kizimbani, anashtakiwa kwa kuichoma gereji yake mwenyewe, na mwanawe wakili, ambaye hawajasemeshana naye miaka tisa, amekuja kumtetea. Mzee akamwambia hakimu, "Huyu simtaki." Hapo hapo umeme ukakatika. Leo asubuhi, birika la kahawa likiwa bado limejaa, tukaifungua kesi upya.

Nitangulize jambo moja. Chuma, mwenye karakana, naye ana kijana wake, na hajaongea naye miaka sita. Kijana anaoa Jumamosi na ameleta kadi mara mbili. Ya kwanza Chuma aliirudisha. Ya pili ameichomeka nyuma ya mtungi wa gesi, na sisi tunajifanya hatuioni.

— Yule mzee ndiye mwanamume, alianza Chuma. Mtoto anakutupa miaka tisa, halafu anakuja na joho jeusi eti akutetee? Bora jela.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema Mheshimiwa. Hukuona alivyofunga tai?

Mheshimiwa alikuwa bawabu wa mahakama miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wavue kofia, lakini kwa sheria hakubali kushindwa.

— Methali hiyo haihusiki, nikamwambia.

— Inahusika. Wewe tengeneza simu zako.

Kinyozi akasema yeye haoni fumbo lolote: mzee kaichoma gereji kweli, kwa makusudi, maana alijua kijana akisikia baba yuko ndani lazima atarudi.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akamalizia, kama vile hilo limethibitisha.

— Aliyechoma ni kijana, akasema Mheshimiwa. Nyumbani kila akiongea, baba anainuka anaondoka. Sasa kizimbani atakwenda wapi?

Kinyozi akaona amepitwa.

— Basi mimi nawaambia, yule hakimu ni mama yake. Angalieni masikio. Masikio ya watu mimi nayashika kila siku.

Chuma akaweka kikombe chini.

— Hata hakimu awe bibi yake. Baba hamfuati mtoto. Na kama kuna anayetaka kunihubiria, aseme wazi, asipitie kwenye filamu.

Mimi nilikasirika, maana nawajua wote wawili, Chuma na mwanawe, na vichwa vyao vigumu kama nondo. Lakini nikanywa kahawa yangu.

Wakati wote huo mwalimu mmoja mgeni mtaani alikuwa amekaa pembeni, ameleta kiti cha chuma kilichokatika mguu. Alikuwa akisikiliza huku anasubiri fundi amalize kahawa.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Hao baba na mwana waligombana kwa nini?

Kinyozi akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akachungulia ndani ya birika.

— Hilo lilipita kabla hatujawasha, nikakiri.

— Na bado mnahukumu?

Hakumuuliza Chuma. Hamjui, wala habari za kadi hazijui. Lakini Chuma ndiye aliyejibu.

— Aliniambia... Ilikuwa habari ya ufunguo wa karakana. Hapana, ufunguo ulikuwa baadaye. Kulikuwa na neno alilonitamkia.

Neno lenyewe halikumjia. Nilimwonea huruma, na yeye huruma hapendi.

Mheshimiwa akafungua mdomo alete methali, Kinyozi akamkanyaga mguu. Chuma akainuka, akakichukua kile kiti, akakipindua, akavuta miwani yake ya kuchomelea mpaka ikafunika macho.

— Jumamosi nitakwenda nikamuulize, akasema. Kumuuliza tu, msije mkasema nimekwenda kwa lingine. Na tai sivai.