Siku Moja Ndiyo Lini

Kwenye kona ya kichochoro cha mafundi viatu, huku mtaani Seongsu, chini ya reli inayopita juu ya nguzo, kuna kitanda cha mbao kisicho na godoro wala mwenyewe. Nani alikiweka haijulikani. Kila mtu anadai ni marehemu baba yake. Ukitaka kukaa unavua viatu, unavipanga chini, unapanda unakunja miguu, na kabla hujatulia Mama Gundi ameshakutilia kahawa ya pakiti kwenye kikombe cha karatasi na kuikoroga kwa pakiti yenyewe, maana vijiko ni mambo ya hotelini. Mama Gundi ni Bong Malsun. Anauza gundi na bizimu, habari anatoa bure. Mkabala wake hukaa Nam Dalsu, zamani muuza ngozi, siku hizi anashinda na simu sikioni akisikiliza watu wanaofundisha wenzao namna ya kuishi, ndiyo maana anaitwa Redio. Na yule aliyekaa tako moja tu, mguu mmoja bado umo kiatuni kama mtu anayengoja kufukuzwa, ndiye Pyo Gilnam, mshona viatu. Ukimsalimia hasemi hajambo, anasema, “Nimetingwa.” Hilo ndilo jina lake akiwa hayupo. Akiwepo wanamwita Mwenyekiti, kwa kuwa anaongoza Kamati ya Kulinda Viatu vya Kushonwa kwa Mkono, na tangu aanze kuvilinda hajashona hata kimoja.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya baridi ile ya kuchachusha kabichi, kila mlango una rundo lake linalongoja chumvi na pilipili.

— Okbun amenipigia, alisema Mama Gundi, akijifanya anafuta kikombe. Yuko mjini tangu jana, kwa kumbukumbu ya kifo cha mama mkwe wake. Saa sita anapita hapa, jioni anapanda treni kurudi kwao Gangjin. Anasema anafuata viatu vyake.

Gilnam alipaliwa na kahawa.

— Viatu vipi hivyo? aliuliza Redio, ambaye habari hiyo anaijua mpaka matundu ya kamba.

— Si vile alivyoahidiwa siku anafunga mgahawa. Nilikuwepo, nilikuwa namfungia masufuria. Mwenyekiti alisimama palepale ulipo, kashika kofia kama bwana harusi. Akasema, dada, nitakushonea viatu visivyokuumiza, na siku moja tule wali.

— Lini hiyo?

— Mjukuu wangu alikuwa bado tumboni. Sasa yuko chekechea na ananisahihisha ninavyoongea.

— Viko karibu kwisha, alisema Gilnam.

— Karibu ya wapi, Mwenyekiti? Dirishani kwako naona kimoja.

Ni kweli, kilikuwa kimoja. Cha kulia kilikwisha zamani, kikang'arishwa, kikakaa dirishani hadi wateja wakadhani ni pambo. Cha kushoto ngozi yake ilikuwa imeshonwa tu, imelegea kama soksi, haijavutwa kwenye kalibu, ule mguu wa mbao unaokipa kiatu umbo. Na hicho cha kushoto ndicho chenye kazi. Okbun ana nundu pembeni ya kidole gumba cha mguu huo, nundu aliyoipata humuhumu kichochoroni, kwa miaka ile aliyokuwa akitembea na masinia ya chakula kichwani, moja juu ya jingine, yamefunikwa magazeti, mikono yake mwenyewe kaiachia inapepea kama hana mzigo.

Enzi hizo, kabla ya saa sita, kichochoro kizima kilikuwa nyundo. Huyu anagonga, yule anajibu, ukiwa mgeni unaweza kudhani wanasutana. Halafu Okbun anatokea pale kwenye nguzo, anaita, “Wali huo,” na nyundo zinakoma zote, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa kichochoro. Wanakula hapa kitandani, supu ya majani ya figili, samaki wa kukaanga, kachumbari ya kabichi iliyochacha mpaka macho yanatoa maji. Aliyechelewa alitengwa bakuli lake. Okbun analifunika, analifunga ndani ya tandiko, analiweka chini ya kitanda, na mtu akija saa tisa anakuta wali bado una mvuke. Wakishakula wanajinyoosha kidogo, wanasemana kidogo, wanarudi kazini. Jioni kila fundi ana jozi zake mlangoni. Gilnam hakumbuki hata mmoja wao aliyewahi kusema ametingwa.

Aliuingiza ule mguu mwingine kiatuni, akashuka.

— Nakwenda kumalizia. Nikikaa sasa hivi nikashika nyundo, mpaka saa sita...

Simu ikalia.

— Naam, mheshimiwa. Nimetingwa kidogo lakini sema tu. Kile kiatu kikubwa? Hapana, kamba tulikubaliana. Nyekundu, ndiyo. Nyekundu kiatu au nyekundu kamba?

Alikuwa ameshakaa tena. Stesheni inataka kusimamisha kiatu cha plastiki, kirefu kuliko mtu, cha kuwaonyesha wapita njia kwamba huku ndiko kwa mafundi. Kamati imeshakutana juu ya kamba zake hadi watu wamenuniana.

— Tatizo lako mpangilio, alisema Redio simu ilipokatwa. Kuna bwana mmoja humu, anasema siku unaikata vipande kama wali wa kuviringishwa na mwani. Kila kipande kazi yake. Hapa kiatu, hapa simu, hapa kupumua.

— Na wewe umeshaikata? aliuliza Mama Gundi.

— Mimi bado namsikiliza. Ana masomo mengi huyo, sijapata nafasi.

— Hayo mabwana ya simu hayajui kitu. Tatizo ni kile kitufe cha kufungia mlango wa lifti. Walipojenga lile ghorofa na lifti yake ndipo watu walipoanza kusukuma mlango unaojifunga wenyewe. Mwenyekiti huyu nimepanda naye. Mlango umeshafunga, tunapanda juu, yeye bado anabonyeza.

— Nilikuwa na mkutano.

— Na mkutano ulikuwa wa nini?

— Wa kupanga mkutano, alikiri Gilnam.

Redio akaivua simu sikioni, jambo ambalo hufanya pale tu anapotaka kusema kubwa.

— Mnapapasa tu. Asili yake ni saa. Saa ya nchi hii si ya kwetu, tunafuata jua la Tokyo. Saa yako ikionyesha sita, jua halijafika utosini, bado liko baharini huko linakuja. Kwa hiyo kila Mkorea anazaliwa amechelewa nusu saa, na anakimbia mpaka kaburini akiifukuzia.

— Na watu wa Busan?

— Wao wako karibu na jua linakotoka, wamechelewa kidogo tu. Ndiyo maana wanapata muda wa kugombana.

Mama Gundi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Gilnam alivua saa yake ya mkononi, akaitazama, akairudisha. Saa tano imepita. Akashuka, akavaa viatu, simu ikalia. Safari hii ni mteja anayetaka kujua kama wanatengeneza viatu vya mbwa. Gilnam alimweleza kwa adabu, kirefu, mpaka aina za soli.

— Sasa mimi niwaambie la kweli, alisema Mama Gundi, sauti kaishusha, na ukimwona ameishusha ujue anataka isikike mpaka ng'ambo. Huyu hajatingwa. Huyu anaogopa. Kiatu kikiisha kinakwenda na mwenyewe. Kikiwa kimoja, mwanamke atarudi kukiulizia. Mjane mzuri yule, anajua kupika, na Mwenyekiti tangu afiwe na mkewe anakula tambi za maji moto.

— Malsun, koma.

— Ona sikio lake lilivyoiva.

Okbun alikuwa ameshatokea pale kwenye nguzo. Umbo lake lilikuwa dogo kuliko wanavyomkumbuka. Mikono yake bado ilitembea mbali na mwili, kama kichwani kuna kitu. Hakuita chochote. Alifika, akasalimu, akaketi ukingoni, akavua viatu na kuvipanga chini pamoja na vya wengine.

Gilnam akaviona. Raba za kitambaa za sokoni, na cha kushoto kimekatwa kwa mkasi ubavuni, tundu la mviringo, ili nundu ipate pa kutokea. Soksi ilikuwa imelowa pale tunduni.

— Mwenyekiti hajambo?

— Nimetingwa, dada.

— Umetingwa na nini?

Redio alimtazama Mama Gundi. Mtu akisema ametingwa, unamwambia pole, unapita. Haulizwi na nini. Ni sawa na kumwuliza anayesema “salama” akuonyeshe huo usalama.

— Kuna kamati, alianza Gilnam. Kuna simu. Kuna kile kiatu kikubwa cha stesheni.

— Anavaa nani?

— Hakivaliwi, dada. Cha kutazama.

— Haya. Okbun alipokea kahawa yake, akaikoroga mara nyingine ingawa ilishakorogwa. Viatu visikupe shida, mimi nimeshazoea. Nilichotaka kukuuliza ni ule wali. Ulisema siku moja tutakula. Nilipofika kwetu nikawaza, ah, huyu hakutaja siku, nami nikasahau kumwuliza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikilowesha mchele wa watu wawili. Sasa nakuuliza, nisije nikaondoka tena sijajua. Siku moja ndiyo lini?

Treni ilipita juu, kitanda kikatetemeka, na wote wakaishukuru kwa kuwapa la kungojea. Ikapita. Redio alitoa simu yake kama mwenye jibu humo ndani, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mama Gundi akatikisa boksi la kahawa. Halikuwa na kitu. 

Simu ya Gilnam ikalia. Aliitoa, akamwekea Mama Gundi mapajani.

— Mwambie nimetingwa.

— Akiniuliza na nini?

— Na kiatu.

Akainama, akaokota raba ya kushoto ya Okbun, akaikumbatia kifuani na kuelekea dukani kwake.

— Ee, Gilnam, kiatu changu hicho kinakwenda wapi?

— Nataka kulipima hilo tundu. Gilnam hakugeuka. Na huendi stesheni na mguu mmoja, dada.

Hapo ndipo Mama Gundi alipojua kwamba jioni hiyo Gangjin hakuna anayefika, akaenda kuagiza wali.

Uliletwa na kijana mwenye pikipiki, kwenye vyombo vya plastiki, na Okbun akautazama kama mtu anayetazama mtoto aliyenyolewa vibaya. Lakini aliomba bakuli la chuma kutoka dukani kwa Mama Gundi, akachota sehemu moja, akaifunika kwa kifuniko cha sufuria. Akafungua shali yake, akaizungusha juu ya bakuli, akafunga. Akamvua Redio koti bila kumwomba, akalifunga juu ya shali, akaliweka chini ya kitanda palepale pa zamani.

— Nitapata baridi, alisema Redio.

— Kata vipande, alisema Mama Gundi.

Wakala. Kutoka dukani kwa Gilnam vilisikika kwanza vitu vikisogezwa, vumbi likipulizwa, mtu akikohoa. Halafu nyundo. Mwanzoni ilisita, inagonga na kungoja, kama iliyotarajia kujibiwa kutoka upande wa pili. Hakuna aliyejibu, huko sasa kuna duka la mishumaa yenye harufu. Ikaendelea peke yake.

Okbun alisikiliza, mguu wake wa soksi kaukunja chini ya goti.

— Bado anavuta ngozi, alisema. Baadaye kidogo: — Hiyo sasa soli.

Simu ya Gilnam ililia mfukoni mwa Mama Gundi, ikalia tena, ikakata tamaa. Kivuli cha reli kilihama kutoka kitandani kikapanda ukutani. Redio alikuwa amelala, mikono makwapani, hana kitu sikioni.

Nyundo ikanyamaza.

Okbun akainama chini ya kitanda, akaanza kufungua koti.