Nguo ya Njano ya Kwamboka

Sabato njema, mama zangu na ndugu zangu. Nawasalimu kwa jina la yule aliyenificha kwenye shamba la chai, watu wakapita karibu nami na mapanga wasinione.

Kabla sijasimama, mzee wa kanisa amenivuta kando akaniambia, "Moraa, ushuhuda hautaji mtu. Wewe sema tu adui." Nimemsikia. Lakini mimi nilipotajwa, nilitajwa kwa jina langu na la baba yangu, barabarani, watoto wakisikia. Kwa hiyo nami nitataja. Kama ni dhambi nitaitubu Sabato ijayo. Shule niliacha darasa la tatu, sijui kuzungusha maneno.

Hapa Masimba mnanijua kama yule mama wa ndizi ambaye hakai akiupa mlango mgongo. Hata leo nimeomba nikae kule nyuma, ukutani. Mkiniuliza sababu, huwa nacheka tu. Leo nawaambia.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nyumbani kwetu, upande wa Nyamira, alikuja mwalimu kijana akiitwa Onchiri, viatu vyake vikilia akitembea. Alitukusanya vijana, waliosoma na tusiosoma, akasema tutacheza mchezo wa kuigiza ambao mwanzo hadi mwisho ni nyimbo. Hadithi yenyewe ni ya Wayunani wa kale. Mama yangu aliposikia Wayunani akauliza, "Wale wa kwenye nyaraka za Paulo?" Nikamwambia ndio hao. Akasema, "Basi nenda, mwanangu. Hao ni watu wazuri."

Hadithi ilikuwa hivi. Mwanamume mmoja, fundi wa kinanda cha nyuzi, mke wake aliumwa na nyoka akafa. Mume akakataa. Akachukua kinanda chake, akavuka mto akaingia kwa wafu, akapiga mpaka mkubwa wa wafu akatoa machozi. Akaambiwa: haya, mchukue, lakini wewe tangulia, yeye akufuate, na usigeuke nyuma mpaka mfike juani. Karibu kabisa na jua, akageuka. Mke akarudi kuzimu.

Kinanda tulikuwa nacho, obokano yetu hii kubwa inayonguruma kama fahali. Mpigaji alikuwa Nyabuto. Lishikeni jina hilo. Mimi nikawa mke, kwa sababu ya sauti, na kwa sababu hakuna msichana mwingine aliyekubali kucheza mfu.

Sasa jina. Jina la huyo mke kwa Kiyunani lilitushinda. Nyabuto akilitamka lilitoka kama jina la dawa ya kuogesha ng'ombe, tukawa tunacheka badala ya kulia. Onchiri akasema, "Basi wekeni jina la hapa. Mwiteni Moraa, si ndiye mwenyewe?"

Mama yangu alisikia. Alikuja shuleni na kiko chake mkononi, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "sisi mtoto akizaliwa tunampa jina la aliyekufa. Wewe unataka kumpa mfu jina la mtoto wangu aliye hai?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo ni wenu, mtoto ni wangu. Tafuta mfu."

Ndugu zangu, tulimtii. Tulifikiri tunashika desturi. Tukatafuta jina la mtu aliyekwisha kufa, na Nyabuto ndiye aliyelitoa. "Kwamboka," akasema. "Dada yangu wa kwa baba mkubwa. Tulimzika msimu wa kupanda." Onchiri akapiga makofi. "Kwamboka ni kuvuka! Na huyu mke amevuka mto wa wafu. Jina limekuja lenyewe." Nawaambia, hakuna hata mmoja wetu aliyesema twende kwanza kwa mama yake tumwulize. Mama yake alikuwa Bosibori, mjane, na Kwamboka alikuwa mtoto wake wa pekee.

Mazoezi yakaisha. Nyabuto akaniletea nguo ya kuvaa, ya njano, kiraka cha buluu begani. Nikamwuliza ameitoa wapi. Akasema, "Vaa. Maiti hachagui." Tukacheka.

Tulicheza siku ya soko, mchana, kwenye ukumbi wa shule karibu na Nyamira. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Nilipakwa jivu usoni nikalazwa nyuma ya pazia la magunia. Nyabuto akapiga, na mimi mwenyewe niliyemsikia kila siku, nywele zilinisimama. Kisha akaimba yale maneno:

"Kwamboka, inuka, twende nyumbani."

Nikainuka, nikatoka nikimfuata, yeye mbele, mimi nyuma, macho nimeyafumba nusu kama nilivyofundishwa. Halafu nikasikia benchi likianguka.

Mama mmoja alikuwa amesimama. Alikuja polepole, akipita juu ya magoti ya watu, na watu wakampisha. Akapanda jukwaani. Akanishika bega, hapa penye kiraka, akakipapasa kwa kidole.

"Nilikishona mimi," akasema. "Kwamboka, baridi iko namna gani huko?"

Mdomo wangu ulijaa jivu. Nikamtazama Nyabuto anisaidie, maana yeye alikuwa mtoto wa nyumba ile. Alikuwa anajua anayenishika ni nani, na alijua nguo imetoka wapi. Naye akageuka. Kwenye hadithi yule mume aligeuka kwa mapenzi. Nyabuto aligeuka akatuona, akaiweka obokano chini, akatoroka kupitia dirishani.

Hapo Bosibori akaniangalia vizuri, akaona kwamba chini ya jivu ni mimi. Akapiga ukelele mmoja, akaanguka. Na mtu fulani kule nyuma, wala sikumwona, akasema neno lile: "Omorogi." Mchawi. Mwingine akamalizia: "Wamefukua kaburi. Hiyo nguo ni ya maiti."

Nilitoka kwa mlango wa jikoni nikakimbia mpaka nyumbani na jivu langu usoni. Mwalimu Onchiri niliona mgongo wake tu, anapanda baiskeli. Hakurudi hata kuchukua nguo zake. Siku hizi nasikia ni mkubwa wa elimu mahali fulani, anafungua sherehe za watoto. Akifungua, awaambie na hii.

Kesho yake asubuhi walikuja. Mama yangu aliwasikia kabla hawajafika mtoni. Alinisukuma kwenye shamba la chai, akaniambia, "Lala kifudifudi na usiinue kichwa hata nikilia." Nililala. Umande uliniingia tumboni. Niliona miguu yao ikipita kati ya michai, miguu ya watu ninaowajua, mmoja alikuwa na kidonda nilichokifunga mimi kwa kitambaa changu. Nikasikia majani ya paa yakishika moto. Nikasikia mama yangu akilia, na sikuinua kichwa. Na sauti iliyopita zote, iliyokuwa inasema mtoeni, mtoeni mchawi, ilikuwa sauti niliyoijua kwa sababu niliimba nayo. Nyabuto. Alikuwa anapiga kelele kuliko wote ili asiulizwe.

Mnielewe hapo. Moto sikuuogopa kama ile sauti. Moto haukujui. Huyu alinijua.

Walinipata baadaye, nilipokohoa kwa moshi. Wangenimaliza palepale, lakini naibu wa chifu alikuwa amefika. Aliitwa Mogaka. Msidhani alikuja kuniokoa. Alisema, "Msiue bila ushahidi. Tufukue. Maiti akiwepo amevaa nguo yake ya njano, huyu aende. Akiwa hayupo, au hana nguo hiyo, mimi nitageuka upande." Watu wakasema sawa. Ndugu zangu, oneni mtego. Nguo ilikuwa mwilini mwangu tangu jana. Kaburini watakuta nini?

Walinisimamisha kando ya kaburi kwa Bosibori, migomba nyuma yangu. Vijana walikuwa na majembe. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na mtu mmoja akacheka akasema, "Angalia, anaitana na wenzake." Nikamtafuta Nyabuto. Alikuwa pale, na jembe. Nikamwambia kwa macho: sema. Akatazama mkono wake. Nikamwambia kwa mdomo, "Nyabuto, sema nguo ulinipa wewe." Akajibu mbele ya wote, "Mimi na mchawi tulipeana nini?"

Jembe la kwanza likashuka. Mpaka leo, fundi akichimba choo hapa jirani, mimi nafunga mlango.

Ndipo Bosibori akatoka nyumbani. Walikuwa wamemwambia akae ndani, akakataa. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni, na nyuma yake mtoto wa jirani amebeba obokano ile iliyoachwa ukumbini. Akakaa chini kwenye udongo wa kaburi, palepale jembe lilipopiga, mtu asiweze kuchimba bila kumkata yeye.

"Kabla hamjanionyesha mifupa ya mwanangu," akasema, "nataka kitu kimoja. Nyabuto."

"Mama."

"Jana ulimwita akatoka. Mwite tena. Kama huyu msichana alimtoa hapa, basi hayupo, hatakuitikia, na nyinyi chimbeni. Piga kama jana."

Aliwekewa obokano mbele yake. Nyabuto akakaa. Akaweka vidole kwenye nyuzi. Nyabuto alikuwa anajua kitu ambacho wale wote hawakujua: kwamba kaburi halijaguswa, kwamba Kwamboka yumo. Nikaona jasho linamtoka. Vidole vyake viligusa uzi mmoja, ukanguruma, na udongo ukawa kama umenguruma nao. Akafungua mdomo aite lile jina, na jina likakataa kutoka.

"Mwite," Bosibori akasema. "Unaogopa nini? Si hayupo?"

Akasukuma obokano kando akaanguka kifudifudi. "Mama, nguo nilikuwa nayo mimi. Uliponipa niifukie nyuma ya migomba sikuifukia. Ilikuwa bado nzima." Bosibori alikuwa anajua alimpa nani nguo ile; alitaka aseme yeye mwenyewe.

Mnataka kujua watu walisemaje? Hawakusema kitu. Hakuna aliyeniambia pole. Waliokota majembe yao wakaenda, na mmoja akasema jua limekuwa kali. Mogaka akaniambia nishukuru serikali. Nyumba yetu ilikuwa inatoa moshi bado. Mama yangu hakupata nyumba nyingine, alikufa akiwa mgeni kwa ndugu yake. Nyabuto yupo, ana shamba, anakaa benchi la mbele kwenye kanisa lake. Nimemsamehe? Bado. Mungu ananijua na ananingoja.

Nilikuja huku Masimba kwa sababu hakuna aliyenijua. Hofu ilikuja nami. Nilikuwa nikisikia mtu ananiita kwa nyuma, siitiki. Nilikuwa siimbi, hata hapa kanisani nilifungua mdomo tu. Nikaolewa na mtu mpole, marehemu sasa, nikapata mtoto wa kike. Wakwe wakauliza tumpe jina la mfu gani. Siku hiyo nilikuwa na homa ya uzazi na woga wangu wote ulikuwa kitandani nami. Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia ni Bosibori, ametembea kutoka kwao na mkungu wa ndizi kichwani. Sijui nani alimwambia. Alimchukua mtoto, akamwangalia sana, hakuomba kitu. Aliona aibu kuomba.

Mimi ndiye niliyesema. Wakwe walinung'unika, jina ni la nje ya boma lao. Nikawaambia hili jina lilikwisha kuniua mara moja, sasa linilelee mtoto.

Namshukuru mama yangu, aliyelia bila kusema nilipo. Nawashukuru nyinyi akina mama wa hapa mlioninunulia ndizi bila kuniuliza nimetoka wapi. Namshukuru Bosibori, aliyekaa kwenye udongo wa mtoto wake ili mtoto wa mwingine aishi. Na funzo langu ni dogo. Kama unajua nguo ilitoka wapi, sema kabla ya jembe la kwanza. Baada ya hapo, hata ukisema, nyumba ya mtu imekwisha kuungua.

Jioni nikitoka sokoni, mwanangu huwa amekaa chini anacheza na wenzake. Naogopa kila siku, sitawadanganya. Lakini namwita kwa maneno yaleyale: "Kwamboka, inuka, twende nyumbani." Natangulia na kapu langu. Na karibu na kona ya posho mill ya kusaga mahindi nageuka nyuma, makusudi, kila siku.

Yupo. Yuko nyuma yangu, anakula ndizi.